Mgeni Mpe Jembe: Wapiga Kafi na Utunzaji wa Visiwa vya Maine

UTANGULIZI

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii huchukuliwa kuwa ni onyo kwa mgeni mvivu. Lakini ndani yake mna kanuni iliyo pana zaidi, nayo ni kwamba mtu anayefaidi neema ya mahali fulani hana budi kushiriki kazi ya kupatunza.

Katika makala hii tutaitazama kanuni hiyo ikitumika mbali na kwetu, katika pwani ya jimbo la Maine, kaskazini-mashariki ya Marekani. Huko, watu wapendao kusafiri baharini kwa vyombo vidogo vya kafi wamejitwika wenyewe kazi ya kuvitunza visiwa wanavyovitembelea. Hawalipwi mshahara wala posho. Tutaeleza kwanza jinsi kisiwa kidogo kinavyoweza kuharibiwa na watu wanaokipenda. Pili, jinsi sayansi inavyoeleza uharibifu huo. Na tatu, jinsi kazi ya kujitolea ilivyopangwa ili kuuzuia. Mwisho tutauliza jambo hili linatuhusu nini sisi tulio katika pwani ya Bahari ya Hindi.

CHOMBO NA BAHARI YAKE

Kayaki ni chombo chembamba chenye urefu wa mita 5 hivi, kilichofunikwa juu isipokuwa tundu ambamo mwendeshaji huketi. Huendeshwa kwa kafi lenye bapa mbili, moja kila ncha. Asili yake ni kwa watu wa nchi za baridi kali za kaskazini, kama vile Wainuit na Waunangan. Wao waliunda kiunzi cha miti iliyookotwa ufukweni, wakakiwamba ngozi za sili na wanyama wengine wa baharini, na wakakitumia kwa uwindaji. Kayaki za siku hizi hutengenezwa kwa plastiki au kwa nyuzi za kioo, na wengi huzitumia kwa matembezi.

Msomaji aliyezoea ngalawa ataona tofauti mara moja. Kayaki haina tanga wala matengo ya kuizuia isipinduke. Mwendeshaji huketi karibu sawasawa na uso wa maji, na mwili wake ndio unaoleta mizani. Chombo hiki huhitaji kina kidogo sana cha maji, hivyo chaweza kutua penye mwamba au changarawe ambapo mashua kubwa isingethubutu kukaribia. Sifa hii ndiyo inayomfurahisha msafiri, na ndiyo inayoleta taabu kisiwani, kwa sababu hakuna mahali palipo mbali mno au padogo mno kwa mpiga kafi kufika.

Pwani ya Maine ina visiwa zaidi ya 3,000, vikubwa na vidogo. Tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa ni mita 3 hivi upande wa kusini-magharibi, na hufika mita 6 hivi karibu na mpaka wa Kanada. Kwa kulinganisha, bamvua kubwa la Unguja ni la mita 4 hivi. Maji yenyewe ni baridi. Hata katika kiangazi, joto lake kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 10 na 18 za Sentigredi, ilhali kwetu ni nadra kushuka chini ya nyuzi 25. Mtu anayetumbukia ghafla katika maji baridi sana hushindwa kuitawala pumzi yake kwa dakika ya kwanza. Katika dakika kama kumi zinazofuata mikono na miguu huishiwa nguvu. Na baada ya muda wa saa moja hivi mwili huweza kupoa hata akazirai. Kwa hiyo, katika bahari hii, mafunzo ya usalama hutangulia kila kazi nyingine.

JINSI NJIA ILIVYOPATIKANA

Kwa muda mrefu haikufahamika vyema ni visiwa vipi vilivyokuwa na wenyewe na vipi havina. Mwaka 1973 jimbo la Maine lilianzisha daftari la visiwa vya pwani. Waliodai kumiliki visiwa visivyokuwa na majengo mengi walitakiwa kuandikisha madai yao, na visiwa visivyodaiwa na mtu vikahesabiwa kuwa mali ya umma. Vingi kati ya hivyo vilikuwa majabali matupu, lakini vilikuwamo vilivyofaa watu kutua na kulala.

Katika miaka ya 1980 asasi iitwayo Taasisi ya Visiwa, iliyoanzishwa mwaka 1983, ilishughulikia swali la matumizi ya visiwa hivyo vya umma. Ndipo David Getchell, mhariri wa magazeti yahusuyo uvuvi na mashua ndogo, alipotoa wazo la kuviunganisha visiwa hivyo kuwa njia moja ya baharini, mfano wa njia za miguu zipitazo milimani. Msafiri angetoka kisiwa hiki asubuhi na kulala kisiwa kingine jioni. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1988, na pamoja nayo kikaundwa Chama cha Njia ya Visiwa vya Maine, ambacho katika mwaka 1993 kilijitenga na Taasisi na kujitegemea.

Hapo mwanzo njia ilikusudiwa vyombo vidogo vya kila namna, vya tanga na vya mashine. Baadaye mchezo wa kayaki ulipoenea, wapiga kafi wakawa sehemu kubwa ya watumiaji wake. Leo njia hiyo ina urefu wa kilomita 600 hivi na vituo zaidi ya 200. Vingi vya vituo hivyo si mali ya umma. Ni mali ya watu binafsi na ya asasi za hifadhi, ambao wamewaruhusu wageni kutua kwa masharti. Ruhusa ya watu binafsi kwa kawaida haina mkataba wa miaka mingi. Ni mapatano ya kuaminiana, na mwenye kisiwa aweza kuiondoa wakati wowote. Msomaji alikumbuke jambo hili, kwani ndilo msingi wa yote yatakayofuata.

KISIWA HUHARIBIKAJE?

1. Udongo

Barafu nene iliyoifunika nchi ya Maine katika enzi za kale ilirudi nyuma yapata miaka 15,000 iliyopita, ikauacha mwamba ukiwa mtupu. Udongo ukaanza upya. Kwanza kuvumwani, yaani kiumbe kilichofungamana cha kuvu na mwani, hushika juu ya mwamba; vumbi na mabaki hukusanyika; majani madogo huota; na mwisho misonobari na miti ya jamii yake husimama, ikitandaza mizizi kama vidole juu ya jiwe. Katika visiwa vingi vidogo mpaka leo tabaka la mboji lina kina cha sentimeta chache tu.

Sasa mtu hutua, hupiga hema, na huzunguka hema lake mara ishirini kwa siku. Nyayo zake huishindilia mboji. Vile vitundu vidogo vya hewa na maji vilivyomo ndani yake huzibika. Mvua inyeshapo hainyweki tena bali hutiririka juu, ikichukua chembe za udongo kuzipeleka baharini. Mizizi hubaki wazi, mti hudhoofika, na siku moja upepo huuangusha pamoja na kipande cha udongo ulichokuwa umekishika. Bara, mto huweza kuleta udongo mpya kutoka juu. Kisiwa kidogo hakina mto. Kilichokwenda kimekwenda, na kurudi kwake ni kazi ya karne nyingi.

2. Moto na choo

Mboji kavu ni kuni. Moto uliowashwa juu yake waweza kuzama chini na kutambaa polepole bila kuonesha mwale, ukaibuka siku za baadaye mahali pengine baada ya mpishi kuondoka akidhani ameuzima. Kisiwani hakuna zimamoto, na mara nyingi hakuna hata kisima. Kwa sababu hiyo wasafiri huhimizwa kutumia jiko dogo la gesi. Na palipo na ruhusa ya kuwasha moto, wauwashe chini ya alama ya maji makuu, juu ya mchanga au changarawe, ambapo bahari itakuja kuufuta.

Hali kadhalika, udongo mwembamba uliokalia mwamba hauwezi kumeng'enya kinyesi cha wageni wa kiangazi kizima. Vijidudu waozeshao ni wachache na baridi huwapunguzia kasi. Kwa hiyo kanuni ya njia hii ni kwamba kila msafiri huondoka na kinyesi chake ndani ya chombo kilichofungwa barabara. Wageni wengi hushangaa waisikiapo kanuni hii mara ya kwanza. Lakini mtu akikaa na kuhesabu watu mia katika kisiwa kisichozidi ukubwa wa kiwanja cha mpira, mshangao humtoka.

3. Ndege na sili

Visiwa visivyo na wanyama wala watu ndivyo ndege wa baharini huvichagua kwa kutaga. Tuchukue mfano wa bata wa bahari aitwaye kwa jina la kisayansi Somateria mollissima. Jike hutaga mayai manne au matano juu ya ardhi, huyazungushia manyoya aliyoyanyonyoa kifuani pake, kisha huyaatamia kwa siku 25 au 26 karibu bila kula kabisa. Katika muda huo uzito wake huweza kupungua kwa theluthi moja. Mtu akimshtua naye akaruka, mayai hubaki wazi, na shakwe walio karibu huwa hawangoji mwaliko. Dakika chache za udadisi wa mgeni zaweza kuupoteza uzazi wa mwaka mzima. Kwa ajili hiyo visiwa vya mazalia hufungwa kwa wageni katika majira ya kutaga na kulea, vingi vyao tangu Aprili hadi Agosti.

Kuna jambo moja ambalo wapiga kafi wengi hawakulitarajia. Wao hujiona kuwa watu wasio na madhara kwa kuwa chombo chao hakina mashine wala kelele. Lakini sili aliyelala juu ya mwamba huisikia mashine kutoka mbali na kuizoea. Kayaki humjia kimya, chini kwenye maji, kama mnyama awindaye. Sili hugutuka na kujitupa majini, na pengine mama hutengana na mtoto anyonyaye. Ushauri uliotolewa kwa wasafiri wa pwani hiyo ni kutomkaribia sili kwa umbali ulio chini ya mita 45 hivi. Ukimya, basi, peke yake si upole.

4. Takataka

Takataka nyingi za visiwani hazikuachwa na watalii. Maine ni nchi ya uvuvi wa kamba mkubwa mwenye magando, naye huvuliwa kwa madema ya waya. Sheria humruhusu mvuvi mmoja kuwa na madema yasiyozidi 800. Kila dema au safu ya madema ina kamba yake na boya lake. Dhoruba hukata, na bahari huleta ufukweni vipande vya kamba, maboya, mifuko ya chambo na madema yaliyopondwa. Kamba nyingi na maboya hufanywa kwa plastiki. Plastiki haiozi, jua huikausha, mawimbi huisaga, na mwisho huwa chembe ndogo zisizookoteka tena. Kwa hiyo takataka iliyookotwa mapema ni bora kuliko iliyoachwa hata mwakani.

Tarehe 10 na 13 Januari 2024 dhoruba mbili ziliipiga pwani hiyo mfululizo. Siku ya pili maji ya Portland yalifika mita 4.44 katika kipimo cha bandari, kiwango kikubwa kuliko vyote vilivyoandikwa hapo tangu mwanzo wa karne ya 20. Gati na mabanda ya wavuvi yalivunjika, na mbao zake zikatawanywa. Aliyekuwa na kazi ya kusafisha visiwa mwaka ule hakuokota taka za uzembe, bali aliokota mabaki ya riziki za majirani zake.

5. Malundo ya makombe

Kabla ya Wazungu kufika, Wawabanaki walikuwa wakivizuru visiwa hivi kwa mitumbwi ya magome ya miti. Waliacha malundo ya makombe ya chaza na wengineo, ambayo yapata 2,000 yanajulikana katika pwani ya Maine. Kwa mtaalamu wa mambo ya kale, malundo haya ni maktaba. Chokaa ya makombe hupunguza ukali wa udongo, hivyo mifupa na zana zilizozikwa humo hazikuoza. Lakini bahari inayapanda na kuyala mwaka hata mwaka, na nyayo za wageni huyabomoa kingo.

HESABU YA NYAYO

Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Marekani, David Cole miongoni mwao, wamechunguza kwa makini jinsi mimea na udongo zinavyoathiriwa na wapiga kambi. Matokeo yao yanapingana na fikra ya kawaida. Watu wengi hudhani kuwa wageni wakiongezeka mara mbili, uharibifu nao huongezeka mara mbili. Sivyo. Uharibifu mwingi hutokea mwanzoni kabisa, katika siku chache za kwanza za mahali papya kukanyagwa. Baada ya hapo majani yamekwisha na udongo umeshindiliwa, na wageni wanaofuata huongeza madhara kidogo tu.

Tuchukue mfano wa kukisia. Kuna makundi 10 ya wasafiri, na kila kundi likilala mahali papya huua nusu ya majani ya hapo. Kila kundi likijitafutia mahali pake, tutapata mahali 10 palipoharibika nusu nusu. Makundi yote yakipokezana dago moja, tutapata mahali pamoja palipo patupu, na mahali 9 pasipoguswa. Kwa jumla, kulitumia dago moja kumeokoa sehemu kubwa ya kisiwa.

Kwa kanuni hiyo, msafiri anayejitenga na wenzake akatafute kipembe kizuri kisichokanyagwa na mtu, ingawa nia yake ni njema, huweza kudhuru kuliko anayelala pale pale walipolala wengine. Lakini kanuni hii ina sharti. Hufaa tu iwapo dago halipanuki. Watu wakizidi kiasi, hema la pembeni husogea porini, na kila mwaka mpaka huenda mbele hatua moja. Kwa hiyo kila kituo hupewa idadi ya watu kinaoweza kuwapokea, na lazima awepo mtu wa kuangalia kama mpaka unahama.

KAZI YA WALIOJITOLEA

Mtu huyo ni nani? Jimbo halina askari wa kutosha kuzunguka visiwa 200. Wenye visiwa wengi huishi mbali. Jibu lililopatikana ni lile la methali yetu: mgeni mwenyewe apewe jembe. Kazi zimegawanywa kama ifuatavyo.

(a) Walezi wa visiwa. Mwanachama mmoja au kundi dogo huchukua kisiwa kimoja na kukirudia mara kwa mara katika majira. Faida ya kurudia ni kubwa. Aliyefika mara moja huona uzuri tu. Aliyefika mara kumi huona kilichobadilika.

(b) Manahodha wa doria. Hawa huendesha mashua ndogo za mashine za chama na kuzuru visiwa kadhaa kwa siku. Huhesabu mahema na vyombo, hufuta mabaki ya mioto isiyotakiwa, na huzungumza na wageni. Hawana mamlaka ya kukamata mtu. Silaha yao ni maelezo.

(c) Vikosi vya usafi. Hivi hutoka kabla ya majira ya wageni na baada yake. Kayaki haiwezi kubeba madema na magogo. Kwa hiyo wapiga kafi hukusanya taka zilizojificha penye miamba, huzirundika juu ya alama ya maji makuu, na mashua huja kuzichukua. Uangalifu hutakiwa katika kazi hii, kwa maana dema ni mali ya mvuvi, na kuligusa dema la mtu baharini ni kosa. Vikosi hujifunza kwanza kipi ni taka na kipi si taka.

(d) Watengenezaji wa njia. Hukata miti iliyoanguka juu ya kijia, huweka matawi na mawe kuziba vichochoro vipya, na huacha njia moja iliyo wazi kutoka ufukweni hadi dagoni. Ni kazi ndogo kwa macho, lakini ndiyo inayolishikilia lile sharti la hesabu ya nyayo.

(e) Wapimaji. Baadhi ya raia hufunzwa kuandika habari zinazoweza kutumiwa na wataalamu. Chuo Kikuu cha Maine, kwa mfano, kimewafunza watu wa kujitolea kupima jinsi kingo za malundo ya makombe zinavyoliwa na bahari. Hawachimbi wala hawaokoti kitu; hupima, hupiga picha na kuondoka.

Katika kazi zote hizi, kuandika ni nusu ya kazi. Maneno kama “kisiwa kimechakaa” hayamsaidii mtu. Lakini daftari linaloonesha kwamba eneo tupu la dago lilikuwa na upana wa hatua 8 mwaka juzi, hatua 9 mwaka jana na hatua 11 mwaka huu, humwezesha msimamizi kupunguza idadi ya wageni au kulifunga dago hilo kwa muda.

AMANA NA MIPAKA YAKE

Msomaji aweza kuuliza: je, wenye visiwa wanapata nini? Fedha hawapati. Wanapata uangalizi. Kisiwa kisicho na mtu kingetembelewa vivyo hivyo, kwa siri, na watu wasiojulikana. Kwa kukiingiza katika njia, mwenyewe hupata wageni wanaojua masharti, pamoja na watu wa kuokota taka na kumpasha habari za mali yake. Siku atakapoona mti wake umekatwa kwa ajili ya kuni, au mazalia ya ndege yamekanyagwa, ataiondoa ruhusa yake, na hatalazimika kutoa sababu kwa mtu yeyote. Hivyo uzembe wa kundi moja katika usiku mmoja huweza kuwafungia wote wanaofuata. Ndiyo maana mpiga kafi wa huko hujifunza kuiangalia ruhusa kama amana, wala si haki.

Haifai, hata hivyo, kuisifu kazi ya kujitolea kupita kiasi. Ina mipaka mitatu. Kwanza, hutegemea watu wenye nafasi na afya, na wengi hupatikana kiangazi tu. Pili, haiwezi kuchukua mahali pa mtaalamu. Ni mjuzi wa ndege, si mwenye bidii tu, anayefaa kuamua kisiwa gani kifungwe na lini. Tatu, kuna madhara ambayo hakuna mfuko wa taka unaoweza kuyabeba. Watafiti walionesha mwaka 2015 kwamba kati ya 2004 na 2013 maji ya Ghuba ya Maine yaliongezeka joto kwa kasi iliyoipita asilimia 99 hivi ya bahari za dunia. Kingo za visiwa zinaliwa na bahari inayopanda, na chanzo chake kiko mbali na nyayo za wapiga kafi. Mlezi wa kisiwa hawezi kulizuia hilo. Awezalo ni kukiwezesha kisiwa kiikabili dhoruba kikiwa na miti na udongo wake wote.

MISALI: SWALI LILE LILE KWETU

Neno dago tulilolitumia katika makala hii ni letu. Tangu kale wavuvi wa pwani yetu wamekuwa wakipiga dago visiwani, wakilala siku kadhaa karibu na samaki. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, ni mojawapo ya visiwa hivyo. Hakina wakazi wa kudumu. Kina matumbawe, kina fukwe ambako kasa hutaga, na kina wavuvi wanaokuja na kuondoka. Masimulizi ya wenyeji hulihusisha jina lake na msala, kwa kuwa kisiwa chenyewe kilionekana kama msala ulioelekezwa kibla. Mwaka 1998 kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi, na wavuvi wakashirikishwa katika usimamizi wake. Katika miaka iliyofuata, mafundisho ya Uislamu juu ya binadamu kuwa mdhamini wa viumbe yalitumika kuwaelimisha watumiaji wa kisiwa.

Tusifanye ulinganifu wa haraka. Mpiga kafi wa Maine yuko likizoni, na akikatazwa kutua hatalala na njaa. Mvuvi wa Misali anatafuta chakula cha watoto wake. Kumwomba siku ya kazi bila malipo ni kumwomba jambo zito zaidi. Lakini swali ni lile lile. Mahali pasipo mkazi, ambapo wengi hupita na kila mmoja hudhani kwamba nyayo zake ni chache, nani atakuwa macho? Na jibu katika pwani zote mbili limeelekea upande mmoja: awe yule yule anayepafaidi, mradi apewe elimu, sauti katika maamuzi, na sababu ya kuamini kwamba kesho ataruhusiwa kurudi.

MUHTASARI

Tumeona kwamba kisiwa kidogo huharibiwa zaidi na mazoea madogo kuliko ubaya mkubwa. Kwamba madhara mengi hutokea mwanzoni, hivyo ni bora kuyakusanya mahali pamoja kuliko kuyatawanya. Kwamba ukimya wa chombo haumaanishi kuwa hakisumbui. Na kwamba kazi ya kujitolea huwa na nguvu inapoandikwa, inaporudiwa, na inapoungana na ujuzi wa wataalamu.

ZOEZI

Chagua kijia kinachokatiza majani karibu na shule, kisima au ufukwe wenu. Chomeka vijiti viwili, kimoja kila upande, mahali ambapo majani huanzia. Pima upana wa sehemu tupu kwa utepe, andika tarehe na kipimo, na urudie kila mwezi kwa muda wa mwaka mmoja, wakati wa masika na wakati wa kiangazi. Kisha laza matawi makavu kwenye kichochoro kimoja kati ya vile vinavyochepuka kutoka kijiani, na uangalie kama majani yatarudi na baada ya muda gani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini udongo uliopotea kisiwani ni vigumu kurudi kuliko ule wa bondeni?

2. Eleza kwa mfano wako mwenyewe kwa nini dago moja linalotumiwa na wengi laweza kuwa bora kuliko madago kumi yanayotumiwa na wachache. Ni wakati gani kanuni hiyo haifai?

3. Taja mahali katika wilaya yenu ambapo watu wengi hupafaidi lakini hakuna anayepaangalia. Nani angefaa kupewa jembe, naye angehitaji kupewa nini pamoja nalo?